Sayyid Barghash alileta maji, shimo la choo akatuachia sisi

Anapotajwa Sayyid Barghash bin Said, aliyekuwa Sultani wa Unguja tangu 1870 hata 1888, wengi wetu hukumbuka majumba. Hukumbuka Beit al-Ajaib, iliyojengwa 1883 na ambayo sehemu yake iliporomoka mwezi wa Desemba 2020. Wengine hukumbuka hamamu ya Hamamni, au marikebu zake za moshi. Mimi mkaazi wa Mkomani, upande wa kaskazini wa mji wa Lamu, naomba leo nimweleze kwa jambo lisilo na fahari machoni mwa watu, nalo ni maji na choo. Naamini katika jambo hilo alitenda wema mkubwa kuliko majumba yake yote, na katika jambo hilo hilo alituachia deni ambalo sisi wenye nyumba hatujalimaliza kulipa.

Sayyid Barghash alizaliwa Unguja mwaka 1837. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, na mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Sayyid Said alipofariki baharini Oktoba 1856, akitoka Maskati kurudi Unguja, Barghash alikuwamo ndani ya marikebu. Alitamani kiti, lakini kiti kilimwendea nduguye, Sayyid Majid. Mwaka 1859 aliasi, akasaidiwa na dada zake Bibi Khole na Bibi Salme, huyu Salme aliyekuja kutoa kitabu cha maisha yake kwa Kijerumani mwaka 1886. Waasi walijifungia katika shamba la Marseilles nje ya mji, lakini Waingereza walimsaidia Majid na uasi ukavunjika. Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay.

Huko Bombay alikaa mpaka 1861. Ndugu wasomaji, tuiangalie miaka hiyo vizuri. Ziwa la Vihar, lililotengenezwa ili kuupatia mji wa Bombay maji kwa mabomba, lilikamilika 1860. Mtoto wa mfalme aliyetoka katika mji wa visima na mitungi alikuwa akiishi katika mji ambao maji yake yalianza kuja yenyewe kutoka mbali. Mtu akihamishwa kwao huwa na wakati mwingi wa kutazama, na aliyoyafanya baadaye yanaonyesha kwamba Barghash hakukaa Bombay amefumba macho.

Alirudi akakaa kimya, na Unguja ilikuwa vile vile alivyoiacha. Mji wa mawe ulikuwa umejaa watu, nyumba zimebanana, na kila nyumba ina shimo lake la choo. Chini ni mchanga na mawe ya matumbawe, ambayo hayazuii maji. Visima vilikuwa si virefu, na kati ya kisima na shimo la choo mara nyingi palikuwa na hatua chache tu. Aliyekuwa na uwezo alinunua maji yaliyotoka nje ya mji. Asiye na uwezo alikunywa ya kisima kilicho karibu naye. Wachukuzi wa mitungi hiyo wengi wao walikuwa watumwa, na haifai kusimulia habari za maji ya zama hizo bila ya kuwataja.

Mwishoni mwa 1869 kipindupindu kiliingia Unguja. Daktari wa Kiskoti aliyekuwapo mjini, James Christie, aliifuata njia ya maradhi hayo kwa kuuliza wasafiri, akaona kwamba yalipita nchi za Habeshi na za Wamasai, yakashuka mpaka Pangani kwa misafara, kisha yakavuka bahari. Kitabu chake juu ya habari hizo kilitoka 1876. Maelfu ya watu walikufa kisiwani kwa miezi michache. Wakati huo tayari daktari mwingine, John Snow wa London, alikwisha onyesha mwaka 1854 kwamba watu wa mtaa mmoja waliangamia kwa sababu ya kunywa maji ya kisima kimoja, na kisima hicho kilikuwa karibu mno na shimo la uchafu lililokuwa likivuja. Wengi hawakumwamini. Vijidudu vyenyewe vya kipindupindu Robert Koch wa Ujerumani alivitambulisha kwa ulimwengu miaka 30 baadaye.

Katika mji ulioumia namna hiyo ndipo Sayyid Barghash alipotawazwa, Oktoba 1870, baada ya Majid kufariki. Utawala wake ulianza kwa mitihani. Aprili 1872 kimbunga kikubwa kilivunja vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu. Mwaka 1873, akitishiwa kufungiwa bandari na manowari za Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Mwaka 1875 alialikwa Uingereza akaizuru London. Mji huo ulikuwa umenuka hata wakubwa wakashindwa kukaa barazani mwao katika joto la 1858, na baada ya hapo mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikubwa chini ya ardhi, iliyofunguliwa 1865 na kukamilika mwaka huo huo wa 1875. Mgeni alionyeshwa majumba na farasi, lakini chini ya miguu yake ndiko kulikopita jambo kubwa zaidi.

Tendo lake la kukumbukwa ni kuyaleta maji ya chemchem kutoka upande wa Bububu, maili kadhaa kaskazini ya mji, yakaingia mjini kwa mfereji na mabomba, na watu wakayateka bure. Fikirini maana yake. Maskini na tajiri wakanywa maji mamoja, na kisima kilicho kando ya choo kikapoteza utawala wake juu ya roho za watu. Hiyo ni sadaka yenye kuendelea, na hakuna mtu wa Pwani asiyejua fadhila ya kumnywesha mwenye kiu. Sayyid Barghash alifariki Machi 1888, mara baada ya kurudi kutoka Oman alikokwenda kutafuta afya.

Sasa nije kwenye deni. Maji yakiingia nyumbani lazima yatoke. Sultani aliyaleta masafi, lakini mashimo chini ya nyumba yalibaki pale pale. Na kadiri maji yanavyokuwa mepesi kupatikana, ndivyo shimo linavyopokea mengi, na ndivyo uchafu unavyosukumwa mbali zaidi ndani ya ardhi. Jambo hilo si la Unguja peke yake. Lamu, ambayo zama hizo ilikuwa chini ya bendera yake, imelipitia, na Mkomani ndiko linakoonekana wazi.

Wazee wetu waliojenga nyumba za mawe za Mkomani hawakuwa wajinga. Chooni waliweka birika la maji, na ndani yake visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Mtu alijitahirisha kwa kata moja au mbili, basi. Shimo lililopokea maji machache namna hiyo lilidumu miaka mingi bila kujaa. Kisha likaja bomba, maji yakitoka kwenye visima vya Shela, chini ya yale machungu ya mchanga ambayo ndiyo hazina yetu. Kikaja choo cha kuvuta, ambacho kwa aina ya zamani humwaga lita 9 au zaidi kwa mvuto mmoja. Ikaja bafu ya mvua. Baada ya mji kutiwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, nyumba nyingi zilizokuwa za jamaa mmoja zikawa za wageni, kila chumba na choo chake. Lakini shimo mara nyingi likabaki lile lile la babu.

Nimeingia nyumba za mtaa wetu nikaona ukuta wa chini umelowa chumvi na harufu imekaa, mwenye nyumba akilaumu mvua. Nimeona kisima kinachotumiwa kwa udhu na kupikia, na nyuma ya ukuta wake pana shimo lisilo na sakafu. Dini yetu imetukataza kujisaidia katika maji yaliyosimama na mahali watu wanapoteka. Je, uchafu ukipita chini ya ardhi badala ya juu yake, hukumu imebadilika? Hilo nawaachia wanazuoni. Lakini akili inajua jawabu lake.

Dawa yake ilianza kupatikana Sayyid Barghash akiwa hai. Mfaransa mmoja, Louis Mouras wa mji wa Vesoul, alipewa haki ya ubunifu wake mwaka 1881: tangi lililofungwa, ambamo uchafu hukaa ukiozeshwa na vijidudu. Ndilo chanzo cha karo tunalolijua leo. Kazi yake ni nyepesi kueleza. Vizito hutua chini vikawa tope. Mafuta na vyepesi huelea juu vikafanya utando. Maji ya katikati, yaliyopungua uchafu lakini si masafi, hupita chumba cha pili, kisha huenda kwenye shimo la kunyonya na kuchujwa na ardhi. Kwa hiyo karo lisilo na sakafu wala lipu ya saruji si karo, ni shimo lenye jina zuri.

Anayejenga au kutengeneza azingatie haya. Kwanza, shimo la kunyonya liwe mbali na kisima, na kipimo kinachotajwa sana ni mita 30. Katika Mkomani mita hizo hazipatikani kwa mtu mmoja, basi majirani wakae pamoja waamue visima vipi vibaki vya kunywa na vipi viachwe. Pili, apime maji ya ardhini yanapopanda wakati wa masika na bamvua, kwani shimo la kunyonya ambalo chini yake limegusa maji ya kisima halichuji kitu. Tatu, maji ya mvua kutoka darini yasielekezwe humo kabisa.

Na aliye na karo tayari, alifungue kila mwaka na kupima tope kwa mti mrefu. Tope likifika thuluthi ya kina, wakati wa kutoa umefika, na kwa nyumba ya kawaida huwa ni kila miaka 3 hadi 5. Asingoje choo kirudishe maji, kwani siku hiyo tope limekwisha hamia kwenye shimo la kunyonya na kuliziba, na kulifungua tena ni gharama ya kuchimba upya. Mafuta ya kupikia, nepi na vitambaa visitiwe chooni. Dawa kali za kusafishia zikizidi huua vijidudu vinavyofanya kazi. Zaidi ya yote, mtu asishuke ndani ya shimo kwa kudhani limepoa. Hewa yake huua kimya kimya, na mara nyingi anayeshuka kumwokoa wa kwanza hufa naye.

Vichochoro vyetu havipitishi gari la kunyonya maji taka. Tope hutolewa kwa ndoo na mikokoteni, na wanaofanya kazi hiyo ni watu wenye heshima yao wanaostahili glavu, viatu na ujira mzuri. Zamani taabu ya maji walibebeshwa watumwa wasiolipwa. Isiwe leo tumebadilisha jina tu. Na tope hilo lisimwagwe pwani wala mchangani Shela, ambako kila tone litarudi kwenye bomba letu.

Kipindupindu hakijawa hadithi ya kale. Kenya ilikipata tena 2022 na 2023. Kinapokuja hakiulizi nani ana mlango wa nakshi na nani hana, huuliza maji yametoka wapi.

Sayyid Barghash alikuwa na mapungufu yake kama kila mwenye kutawala. Lakini aliona mji unakufa kwa maji yake wenyewe, akaenda kuyaleta mengine. Kazi ile iliwezekana kwa amri na hazina ya mfalme mmoja. Iliyobaki haiwezi kufanywa na mfalme yeyote, kwa sababu imo chini ya sakafu ya kila mmoja wetu. Mwenyezi Mungu amrehemu, na atujaalie sisi tufunue vifuniko vyetu kabla havijafunuliwa na maradhi.