Thomas Hardy na Wahakiki Wake

Thomas Hardy alizaliwa tarehe 2 Juni 1840 katika kijiji cha Higher Bockhampton, jimbo la Dorset, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mwashi. Kijana alipotimiza miaka 16 alitiwa kazini katika mji wa Dorchester kujifunza kuchora ramani za majengo, na mwaka 1862 akaenda London kuendelea na kazi hiyo hiyo. Huko alitunga mashairi, lakini wenye magazeti waliyakataa.

Basi akajaribu hadithi. Kitabu chake cha kwanza kupigwa chapa, Desperate Remedies, kilitoka mwaka 1871 bila jina lake. Ilimbidi atoe pauni 75 za mfukoni mwake ili kichapwe, wala hakurudishiwa zote. Magazeti mengine yalikisifu kiasi, lakini Spectator lilikishutumu vikali. Hardy alilisoma njiani akirudi kwao, ameketi juu ya ngazi ya kuvukia ua wa shamba, akatamani afe. Hata uzeeni hakusahau uchungu wa saa ile.

Hapa tuzingatie jambo moja. Mhakiki hukisoma kitabu kwa siku chache, huandika maneno yake, hulipwa, husahau. Mtungaji amekilea miezi mingi. Tena mwandishi mgeni hana jina, na wanunuzi hawana njia ya kumjua ila kwa gazeti. Kwa hiyo neno la mhakiki laweza kuwa chakula chake au njaa yake. Wahenga walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Hata hivyo Hardy hakutupa kalamu. Mwaka 1872 alitoa Under the Greenwood Tree, habari za watu wa kijijini aliowajua vema, na wahakiki wakakipenda. Mwaka 1874 hadithi yake Far from the Madding Crowd ilianza kutoka kidogo kidogo katika gazeti la Cornhill, bila jina. Spectator lile lile likadhani huenda ni kazi ya George Eliot, mwandishi mkuu wa siku zile! Hardy akaacha kuchora majengo, akaishi kwa kalamu.

Mwaka 1895 alitoa Jude the Obscure, hadithi ya mwashi maskini mwenye kiu ya elimu, aliyefungiwa mlango wa chuo kikuu. Kitabu kilisema wazi pia juu ya taabu za ndoa. Wahakiki wengi walikiita kichafu, na Askofu wa Wakefield akatangaza gazetini kwamba amekitupa motoni. Wengine walikitetea, nacho kiliuzwa sana, lakini Hardy alikuwa amechoka. Hakuandika tena hadithi ndefu mpya. Alirudia mashairi, mapenzi yake ya ujanani; kitabu cha kwanza cha mashairi kilitoka mwaka 1898, na kwa jumla yalizidi 900.

Alikufa tarehe 11 Januari 1928, mwenye miaka 87. Majivu yake yaliwekwa Westminster Abbey, na moyo wake ukazikwa Stinsford, karibu na alipozaliwa.

Leo Jude husomwa katika vyuo vikuu vile vile vilivyomfungia mwashi mlango. Lakini hadithi ambazo Hardy angaliandika baadaye hatutazisoma kamwe. Basi ndugu zangu, tukipewa insha ya mwenzetu tuihukumu, tuseme kweli, ila tuiseme ili aandike nyingine.