Moteri iliyozaliwa ndani ya bustani: maisha ya Gottlieb Daimler

Hapa Goma pikipiki njo inalisha jamaa nyingi. Na kule kwenye mashimo, moteri ndogo ya pompi njo inatoa maji kusudi wachimbaji washuke. Vijana wetu wanafungua moteri hizo kwenye uwanja wa nyumba, wanapima pistoni, wanasafisha buji. Watu wengine wanawacheka, wakisema kazi ya kweli inafanyika kwenye kiwanda cha wazungu. Basi wasikie habari ya mzungu mwenyewe aliyeanzia nyuma ya nyumba yake.

Gottlieb Daimler alizaliwa tarehe 17 mwezi wa 3, 1834, mji wa Schorndorf, Ujerumani. Baba yake alikuwa mpika mikate. Kijana akajifunza kwanza ufundi wa bunduki, na kazi yake ya mtihani ilikuwa bastola ya midomo miwili. Hapo mkono wake ulizoea kupima chuma vizuri. Baadaye akasoma Stuttgart, akatumika Uingereza, akarudi kwao. Mjini Reutlingen, kwenye kiwanda cha nyumba ya yatima, akakutana na Wilhelm Maybach, yatima aliyekuwa fundi wa kuchora mashine. Urafiki wao ulidumu mpaka kifo.

Mwaka 1872 Daimler akawa mkubwa wa ufundi kwenye kiwanda cha Deutz, karibu na Köln, pamoja na Nikolaus Otto. Maybach naye akaja. Mwaka 1876 Otto akafaulu moteri ya mapigo 4: kuvuta, kukandamiza, kulipuka, kutoa moshi. Lakini moteri ile ilikuwa nzito sana, ilikula gesi, na ilizunguka mara 180 hivi tu kwa dakika. Daimler aliona jambo moja: nguvu ya moteri haitoki kwa ukubwa wa pigo peke yake, inatoka pia kwa hesabu ya mapigo. Ni sawa vile mchimbaji mwenye nyundo ndogo anayepiga haraka, anaweza kumaliza jiwe pamoja na yule wa nyundo kubwa anayepiga polepole. Wakubwa hawakusikilizana, na mwaka 1882 akaondoka.

Akanunua nyumba Cannstatt, mark 75,000. Ndani ya bustani kulikuwa nyumba ya vioo ya kutunza maua. Akaiongeza kwa matofali, akaifanya atelye. Yeye na Maybach wakatumika kwa siri, hata usiku. Mtumishi wa bustani akasikia makelele, akafikiri wanatengeneza pesa ya uongo, akaita polisi. Polisi wakaingia usiku kwa ufunguo wake. Wakakuta vyombo vya kazi na vipande vya mashine tu.

Shida kubwa ilikuwa moto. Namna ya Otto ya kuwasha ilikuwa ya polepole. Wao wakaweka bomba ndogo kwenye silinda, wakaipasha na taa kwa inje mpaka iwe nyekundu. Hewa na mafuta vikikandamizwa ndani ya bomba ile, vinawaka vyenyewe. Moteri ikafika mizunguko 600 kwa dakika. Maybach akatengeneza karburateri kusudi itumie esanse, iliyouzwa wakati ule kwenye duka ya dawa.

Mwaka 1885 wakaifunga kwenye baiskeli ya mbao. Silinda 1, santimetri kibu 264, nusu ya nguvu ya farasi, kilometa 12 kwa saa. Mtoto wake akaiendesha mpaka Untertürkheim, na inasemwa kiti kilishika moto juu ya ile bomba iliyokuwa chini yake. Hiyo njo pikipiki ya kwanza ya esanse. Mwaka 1886 wakafunga moteri kwenye mashua, kisha kwenye gari ya farasi aliyoagiza akisema ni zawadi ya bibi yake Emma. Mwaka ule ule Karl Benz alikuwa na gari yake Mannheim.

Halafu ikaja shida ya feza. Mwaka 1890 matajiri waliingia naye ndani ya sosiete mpya yenye jina lake. Wao walitaka kuuza moteri za kusimama, yeye alitaka magari. Maybach akaondoka, na Daimler mwenyewe akasukumwa inje, akauza sehemu yake. Jina lake likabaki mlangoni, yeye hayupo. Lakini wale wawili walikuwa wamepanga sale ya hoteli Cannstatt, na huko moteri mpya, Phönix, ikazaliwa. Mwaka 1895 mfanyabiashara Frederick Simms alileta mark 350,000 kununua haki ya kuitengeneza Uingereza, kwa sharti moja: Daimler arudishwe. Akarudi, na Maybach pamoja naye.

Alikufa tarehe 6 mwezi wa 3, 1900, moyo ukiwa mgonjwa. Baadaye Maybach alitoa gari iliyoitwa Mercedes.

Wachimbaji wanajua vizuri namna mwenye feza anaweza kubeba mali na jina. Kwa Daimler vilibebwa kweli. Ujuzi wa mikono haukubebeka, na juu ya ule ujuzi ilibidi wamfungulie mlango tena. Mzazi akimwona mtoto wake ameinama juu ya moteri kwenye uwanja, asimfukuze haraka.