Profesa Thomas Odhiambo: maisha ya mtaalamu wa wadudu aliyejenga kituo cha utafiti Nairobi

Wiki kadhaa nyuma, katika kipindi chetu cha asubuhi, baba mmoja wa Wesha alitupigia simu. Binti yake amemaliza kidato cha nne, amefaulu vizuri baiolojia, na anasema anataka kusomea wadudu. Baba hakuwa na hasira, alikuwa na mshangao. Mtu asomeshwe miaka yote hiyo, karafuu ziuzwe, halafu akahangaike na panzi? Studio tulicheka, naye akacheka. Lakini swali lake lilikuwa zito: elimu hiyo inampeleka mtu wapi, na yupo mtu wa huku kwetu aliyefika nayo popote?

Siku ile tulimjibu juu juu tu. Jibu lenyewe tunalileta leo kwa maandishi, ili hata aliyekosa kipindi alisome kwenye simu yake. Ni maisha ya Profesa Thomas Risley Odhiambo wa Kenya, aliyefariki mwaka 2003. Wanaosoma sayansi wanalijua jina lake. Sisi wengine tunaijua kazi ya wadudu bila kumjua yeye.

Alizaliwa Mombasa tarehe 4 Februari 1931. Asili yake ni Mjaluo wa Nyanza, magharibi ya Kenya, na huko ndiko alikosoma, katika Skuli ya Maseno. Kutoka Maseno alikwenda Chuo cha Makerere, Kampala. Kwa vijana wa sasa tueleze kidogo: miaka ya mwanzo ya 1950, Makerere ndiyo iliyokuwa mlango wa elimu ya juu kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Wazee wetu wachache waliobahatika kusoma chuo wakati huo wengi wao walipita hapo.

Alipomaliza alibaki Uganda akafanya kazi katika Idara ya Kilimo, upande wa wadudu. Ipo jamii moja ya kunguni wadogo wa mimea, wataalamu wanawaita Miridae. Wananyonya maji ya mmea, na baadhi yao wanaharibu pamba na kakao. Odhiambo aliwakusanya, akawachungulia kwa hadubini, akawatofautisha mmoja na mwingine, na wengine walikuwa hawajawahi kupewa jina la kisayansi. Aliwapa yeye. Kwa kanuni za sayansi, anayemweleza mdudu kwa mara ya kwanza jina lake huandikwa baada ya jina la mdudu huyo. Kwa hiyo mpaka leo, kwenye makumbusho na vitabu vya Ulaya, wapo kunguni wa Uganda wenye jina Odhiambo pembeni yao.

Mwaka 1959 alikwenda Uingereza, Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko alisoma kwa Vincent Wigglesworth, mtu ambaye wengi wanamhesabu kuwa baba wa elimu ya namna mwili wa mdudu unavyofanya kazi. Odhiambo alichagua kumchunguza nzige wa jangwani. Si ajabu kwa mtu wa Afrika Mashariki, maana nzige wale wakishuka hawaachi jani.

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo baba wa Wesha anapotakiwa kuona kwamba wadudu si jambo la mchezo. Nyuma ya ubongo wa nzige kuna tezi mbili ndogo mno, ambazo huwezi kuziona vizuri bila hadubini. Tezi hizo zinatoa homoni, yaani kemikali inayotumwa mwilini kama ujumbe. Homoni hiyo ndiyo inayomzuia mtoto wa mdudu asikomae kabla ya wakati wake, na kwa jike mzima ndiyo inayosaidia mayai kukua. Dume je? Odhiambo alizitoa tezi hizo kwa madume ya nzige, operesheni ya kitu kidogo kuliko punje ya mchele, akaangalia kitakachotokea. Madume yale yalijaa mafuta mwilini na yakawa mazito, hayahangaiki tena kama nzige wa kawaida. Kumbe ile homoni ndiyo iliyokuwa ikiyafanya yachome mafuta na kutembea. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1966 katika jarida la kisayansi la Uingereza. Ukimjua mdudu kiasi hicho, unaweza kuanza kufikiria namna ya kumvuruga bila kumwaga sumu shamba zima.

Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1965. Mwaka huohuo akarudi nyumbani.

Neno hilo, akarudi, tunalitaja kwa makusudi. Mtu mwenye shahada ya Cambridge na mwalimu kama Wigglesworth angeweza kutafuta kazi huko huko. Nairobi ya mwaka 1965 ilikuwa na chuo kichanga, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Dar es Salaam. Maabara zilikuwa chache na vitabu vilikuwa vichache. Odhiambo alianza kufundisha zuolojia, yaani elimu ya wanyama, na haraka akagundua tatizo ambalo wasomi wengi wa wakati ule walilijua ila hawakulisema kwa sauti. Unamsomesha kijana akafikia kiwango cha juu, halafu nyumbani hapana pa kufanyia kazi ya kiwango hicho. Ataondoka, au atabaki akisahau alichosoma.

Mwaka 1967 aliandika makala katika jarida la Marekani linaloitwa Science, moja ya majarida makubwa ya sayansi duniani. Hoja yake, kwa maneno yetu, ilikuwa hivi. Nchi za Afrika Mashariki hazina fedha za kufanya kila utafiti. Basi zichague mambo machache ambayo kwao ni ya lazima, na hayo yafanywe kwa kiwango cha juu kabisa, hapa hapa. Wadudu ni moja ya mambo hayo. Mbu, mbung'o, nzige na funza wa mahindi wako kwetu na wanatuumiza sisi. Haiingii akilini kwamba anayetaka kuwajua vizuri apande ndege kwenda Ulaya.

Makala hiyo ilisomwa na watu waliokuwa na uwezo wa kusaidia. Mmoja wao alikuwa mkemia Carl Djerassi wa Marekani, anayejulikana zaidi kwa kazi yake iliyowezesha vidonge vya uzazi wa mpango. Djerassi naye alikuwa akitetea wazo la kujenga vituo vya sayansi ya kiwango cha juu katika nchi zinazoendelea. Kukafanyika vikao, taasisi za sayansi za nchi mbalimbali zikashirikishwa, na mwaka 1970 kikazaliwa Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ekolojia ya Wadudu, kinachojulikana kwa kifupi ICIPE. Makao yake yakawa Nairobi, na mkurugenzi wake wa kwanza akawa Odhiambo.

Mwaka huohuo wa 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa na kila nchi ikabaki na chuo chake. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Odhiambo alikuwa profesa wa kwanza wa elimu ya wadudu na amidi wa kwanza wa Kitivo cha Kilimo. Amidi ni mkuu wa kitivo. Ndiye anayeangalia nani afundishe nini, fedha ziende wapi na wanafunzi wapate mitihani kwa wakati. Aliyewahi kuanzisha hata skuli ya Kurani ya kijijini anajua kazi ya kuanzisha kitu ambacho jana hakikuwepo. Yeye alikuwa na viwili kwa wakati mmoja.

Kituo kilianza kwa unyonge, katika majengo ya muda kwenye kampasi ya Chiromo. Mpango wake wa kwanza ulikuwa wa busara. Wakuu wa tafiti walikuwa maprofesa wa vyuo vikubwa vya nje, waliokuja kwa ziara na kuondoka. Waliobaki maabara kila siku ni watafiti vijana, wa Afrika na wa kwingineko. Kwa njia hiyo kijana aliyeko Nairobi alipata mwalimu wa kiwango cha Cambridge bila kuondoka Nairobi. Baadaye kituo kilijenga makao makubwa Kasarani, nje kidogo ya katikati ya jiji, na mahali pale pakapewa jina Duduville. Ni dudu letu la Kiswahili, limeunganishwa na neno la Kifaransa la mji. Mji wa wadudu, basi.

Mwaka 1983 ulianzishwa mpango ambao kwa maoni yetu ndio kazi yake bora kuliko zote, ingawa hausimuliwi sana. ICIPE iliungana na vyuo vikuu vya Afrika kusomesha madaktari wa falsafa katika sayansi ya wadudu. Mwanafunzi aliandikishwa katika chuo kimojawapo cha Afrika kilichoshirikiana na kituo, utafiti akaufanyia ICIPE, na shahada akaipata kwa chuo kile. Lile tatizo la 1965, la kijana aliyesoma asiyekuwa na pa kufanyia kazi, lilipata dawa, angalau kwa wale walioingia.

Tusimpambe kupita kiasi. Kituo kilitegemea sana fedha za wafadhili wa nje, na serikali za Afrika zilitoa kidogo. Mtu anaweza kuuliza ni uhuru gani wa sayansi unaolipiwa na wageni. Tena kwa miaka ya mwanzo kazi nyingi ilikuwa ya maabara, ya kuufahamu mwili wa mdudu, na mkulima alikuwa bado anangoja. Lakini hatuoni kama Odhiambo alilisahau hilo. Kituo kilifungua tawi Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, katikati ya wakulima wa mahindi na mtama, na huko ndiko walikoshughulika na funza wa mabua, yule anayetoboa bua la mhindi na kulila kwa ndani. Miaka ya 1990 ICIPE pamoja na watafiti wa Uingereza walianza mbinu ya kupanda mabingobingo kuzunguka shamba na mmea uitwao desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi. Desmodiamu inamfukuza nondo anayetaga mayai, mabingobingo yanamvuta pembeni. Hakuna dawa ya kununua.

Mbung'o nao. Jike la mbung'o halitagi mayai mengi kama nzi wa kawaida. Linabeba mtoto mmoja tumboni, linamlisha kwa maziwa ya tezi, kisha linamzaa akiwa mkubwa, anajichimbia udongoni. Kwa sababu anazaa taratibu, ukiwapunguza kidogo kidogo bila kuchoka, wanakwisha. Huko Nguruman, kusini ya Kenya, miaka ya 1980 watafiti wa ICIPE walitengeneza mtego wa kitambaa cha buluu na cheusi, chambo chake mkojo wa ng'ombe pamoja na asetoni, na Wamasai wa pale wakashiriki kuutumia. Sisi Pemba hatukuwa na mbung'o, lakini Unguja walikuwepo. Waliondolewa kwa njia nyingine: madume yaliyofugwa Tanga yakapigwa mionzi yasiweze kuzalisha, yakamwagwa kwa ndege kwa mamilioni. Ilipofika 1997 Unguja ilikuwa imesafishika. Hiyo haikuwa kazi ya Odhiambo, na tunaomba tusieleweke vibaya. Tunaitaja kwa sababu nayo ilitegemea jambo hilo hilo, kumjua mdudu anavyozaa.

Mwaka 1985 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Chuo cha Sayansi cha Afrika, yaani umoja wa wanasayansi waliobobea, na akawa rais wake wa kwanza. Miaka miwili baadaye alipata Tuzo ya Afrika ya uongozi katika kumaliza njaa, ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Aliyeshirikiana naye tuzo hiyo ni Rais Abdou Diouf wa Senegali. Rais wa nchi na mwalimu wa wadudu, jukwaa moja.

Aliondoka ICIPE mwaka 1994, baada ya miaka 24. Hakustarehe, aliendelea kuwahimiza wakuu wa Afrika watie fedha katika sayansi. Alifariki Nairobi tarehe 26 Mei 2003, akiwa na umri wa miaka 72. Kituo cha Mbita sasa kinaitwa kwa jina lake.

Kwa anayeuliza njia ya kufika huko kwa sasa: kidato cha tano achague tahasusi yenye baiolojia na kemia. Elimu ya wadudu inasomeshwa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na zuolojia ipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Baba wa Wesha tulimpigia tukamsomea makala hii kabla hatujaiweka hapa. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza mara mbili kama kweli upo mji unaoitwa Duduville, kisha akasema ngoja amwite binti aje asikie mwenyewe. Tukaanza kusoma upya.