Abdallah bin Umm Maktum na Adabu ya Kusikiliza



Wajuao kusema katika sisi ni wengi, na wajuao kusikiliza ni wachache. Mtu hukaa barazani na mwenziwe, akanyamaza kwa mdomo tu, na huku moyoni anatengeneza maneno yake atakayoyatoa mwenziwe atakapovuta pumzi. Akielezwa maradhi, naye hueleza maradhi yake yaliyo makubwa zaidi. Akielezwa msiba, hukumbuka wa kwake. Hatusemi haya ili kuwalaumu walio mbali, kwani aibu hii imetupata sisi wenyewe.

Sisi tuliotoka pwani tukaja Nairobi kwa kazi zetu tuna desturi ya kuhudhurisha darsa Kibera na Kawangware. Kibera ni mji wa zamani wa Waislamu. Walioukaa kwanza ni Wanubi, askari wa Keya na jamaa zao, na jina lake latokana na neno la lugha yao lenye maana ya msitu. Mwaka 1918 serikali ya wakati huo iliiandika ardhi hiyo, ekari 4,197, kuwa ardhi ya jeshi. Wazee wao walidai haki yao ya kukaa, na Tume ya Ardhi iliyoundwa mwaka 1932 ikawahesabu kuwa ni watu waliokaa kwa hiari ya serikali tu. Hati ya ekari 288 haikupatikana mpaka mwaka 2017. Basi hao ni watu wanaojua vyema maana ya kusema na kutosikilizwa.

Siku moja, baada ya darsa huko Kibera, mzee mmoja alitujia akitaka kusema neno. Nasi wakati huo tulikuwa na wageni watukufu wa mjini, ambao tulitaraji watatusaidia kwa mali zao. Mzee yule akaanza, tukamwambia angoje. Akaanza tena, tukamuitikia kwa kichwa na macho yetu yakiwa kwa wageni. Mwisho akatuaga, akenda zake. Juma la pili ndipo tulipojua haja yake. Kawangware palikuwa na mwanamke aliyesilimu karibuni, naye alikuwa kitandani, hana wa kumfunza namna ya kusali kwa aliye mgonjwa. Mzee alitaka mmoja wetu ende akamuone. Tulipofika, mama yule alikuwa amekwisha kuchukuliwa na jamaa zake kupelekwa kwao bara. Wala wageni wale hawakutupa kitu.

Tuliporudi tuliona haya kuzungumza njiani. Na kila mmoja wetu moyoni mwake alikuwa akimkumbuka sahaba mmoja, naye ni Abdallah bin Umm Maktum, Mwenyezi Mungu amuwiye radhi.

Sahaba huyu alikuwa Mkureshi wa Makka. Watu wa Madina humwita Abdallah, na watu wa Iraq humwita Amr. Baba yake ni Qays bin Zaida, aliyekuwa mjomba wake Bi Khadija. Na mama yake ni Atika, ambaye kwa lakabu yake ndiye mwana alivyojulikana. Alikuwa kipofu. Aliingia katika Uislamu mapema, wakati Waislamu walipokuwa wachache na wenye kuudhiwa.

Siku moja Mtume (S.A.W.) alikuwa akizungumza na wakubwa wa Makureshi, akitaraji kuwa wakisilimu wao, watu wengi watawafuata. Ibn Umm Maktum akaja, akaomba afunzwe katika yale aliyofunzwa Mtume na Mola wake. Akakariri ombi lake, kwani hakuona waliokuwapo. Mtume akakunja uso na kumpa mgongo, akaendelea na wale wakubwa. Hapo ndipo iliposhuka sura ya 80, Sura Abasa, ikimkumbusha Mtume kwamba aliyekuja mbio akimcha Mungu ndiye aliyestahiki kuelekewa, kuliko yule aliyejiona hana haja.

Yatupasa tufahamu vizuri. Mtume hakufanya vile kwa kiburi, bali kwa hima ya kuwaongoa watu wake. Na sisi tunaowageuzia watu nyuso kwa kupenda cheo, au kwa kupenda kusikia sauti zetu wenyewe, tutakuwa na udhuru gani?

Na lipo jambo jingine ambalo msomaji aghalabu hupita asilitie akilini. Aliyekunjiwa uso alikuwa kipofu. Hakuuona uso ule. Lau si Wahyi kushuka, huenda asingalijua kamwe. Juu ya hayo Mwenyezi Mungu hakuliacha jambo lile lipite. Hapa twafunzwa kwamba kumpuuza anayezungumza nasi ni kosa hata kama mwenyewe hakujua. Mzee wetu wa Kibera pengine alidhani kwamba kwa kuitikia kwetu tulimsikia. Yeye hakuyaona yaliyomo nyoyoni mwetu, lakini yuko aliyeyaona.

Tazameni sasa yaliyomfika kipofu huyu baada ya siku ile. Mtume alimkirimu na kumkaribisha. Kabla ya Hijra, yeye na Mus'ab bin Umayr walikuwa wa kwanza kufika Madina, wakawa wakiwasomesha watu Qur'ani. Yule aliyekuja kuomba kufunzwa akawa mwalimu wa mji mzima. Kisha akawa mwadhini wa Mtume pamoja na Bilal. Bilal aliadhini kabla ya alfajiri, na Ibn Umm Maktum akaadhini alfajiri ilipoingia. Kwa hivyo katika mwezi wa Ramadhani watu walikula daku mpaka waisikie sauti yake. Mtume aliposafiri, mara nyingi alimwacha Madina kuwa naibu wake wa kusalisha watu.

Kuna siku alimwendea Mtume akamweleza kuwa hana wa kumshika mkono kumpeleka msikitini, akaomba ruhusa ya kusali nyumbani. Mtume alimpa ruhusa. Kisha, alipokuwa akiondoka, akamwita na kumuuliza iwapo aisikia adhana. Akajibu kuwa aisikia. Basi akaamrishwa aiitikie. Kwani mwenye kusikia ana deni, na deni lake ni kuitika.

Na iliposhuka aya ya 95 katika Sura An-Nisaa, isemayo kwamba wapiganao hawawi sawa na wakaao majumbani, Ibn Umm Maktum alishitaki hali yake ya upofu. Mara Wahyi ukashuka tena, ukawatoa katika lawama wenye udhuru. Basi malalamiko ya mnyonge mmoja yalisikilizwa mbinguni, na sisi ni nani hata tuyakate malalamiko ya wanyonge wetu katikati?

Alitoka katika vita vya Qadisiyya, zama za Sayyidna Umar, karibu na mwaka 636, amevaa deraya na kushika bendera. Wapo wasemao kwamba alikufa shahidi huko, na wapo wasemao kwamba alirudi akafia Madina. Mungu ndiye ajuaye zaidi.

Ndugu zetu, elimu isiyotufunza kusikiliza ni mzigo mabegani mwetu. Mtu akija kwetu, tumuelekee kwa uso na kwa moyo. Tumwache amalize. Tusiifanye hadithi yake kuwa mlango wa kuingilia hadithi zetu. Tumuulize tusilofahamu kabla ya kumpa jawabu. Na khaswa tumsikilize yule ambaye hatutaraji faida yoyote kwake.

Sisi tumekwisha kumrudia mzee wetu kumtaka radhi. Naye alitusamehe, akatukaribisha kahawa, akasema kwa muda mrefu, nasi tukakaa kimya tukamsikiliza.

Twamuomba Mwenyezi Mungu amponye mama yule popote alipo, ampatie wa kumfunza, na atujaalie sisi masikio yasikiayo. Amin.