Ahmad bin Majid, Malimu Aliyehesabu Siku za Bahari

Kila mwisho wa Agosti ukifika, watu wa Ghuba huamka kabla ya alfajiri wakaangalia upande wa kusini. Huitafuta Suheli, nyota kubwa ambayo kwa muda mrefu imefichwa na mwangaza wa jua. Ikishaonekana, wazee hufurahi, kwani ni dalili ya kuwa kiangazi kimeanza kufunga virago.

Lakini kufunga virago siko kuondoka. Katika mwezi wa Septemba joto la mchana huko hufika tena na tena nyuzi 40. Sababu ni bahari yenyewe. Maji ya Ghuba ni haba, wastani wa kina chake ni kama mita 35 tu, na pande zake ni jangwa. Kiangazi kizima maji hayo hunywa joto, kisha huyatema kidogo kidogo, na usiku hewa huwa nzito kwa unyevu. Aliyeiona Suheli akakimbilia blanketi ataamka amelowa jasho.

Basi dalili ni jambo moja na kufika kwa majira ni jambo jingine, na baina ya mawili hayo pana siku za kuhesabiwa. Kwa mkulima wa tende, kukosea hesabu hiyo ni hasara. Kwa baharia ni mauti. Mtu aliyeiandikia hesabu hiyo vitabu na mashairi alizaliwa kwenye pwani hiyohiyo ya joto: Shihabuddin Ahmad bin Majid, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizaliwa katika miaka ya 1430 huko Julfar, bandari ya kale mahali ambapo leo ni Ras al-Khaimah, katika Falme za Kiarabu. Baba yake alikuwa malimu na babu yake kadhalika. Neno hilo wazee wetu walilijua vyema: nahodha ni mwenye amri ya chombo na shehena, malimu ni mwenye kujua njia, nyota na pepo. Baba yake alitunga shairi refu la beti kiasi cha elfu juu ya njia za Bahari ya Sham. Ahmad alilirithi shairi hilo, akalihifadhi, kisha akafanya lile ambalo wana wengi huliogopa. Alilipima baharini kwa macho yake mwenyewe, na pale alipoona baba amekosea, akasahihisha.

Mwaka 1462 naye alitoa shairi lake kubwa la elimu ya bahari, nalo lapita beti elfu. Msomaji huenda akauliza: kwa nini mashairi katika kazi ya hatari kama hii? Jawabu analijua kila aliyesoma chuoni. Usiku wa tufani hapana taa wala nafasi ya kufunua kitabu, lakini beti iliyohifadhiwa kifuani hailowi maji wala haipeperushwi na upepo. Kazi zake zakaribia arubaini, nyingi ni za nadhamu, na mojawapo yaeleza namna ya kuielekea kibla kutoka nchi mbalimbali za bahari yetu.

Kitabu chake mashuhuri cha nathari alikikamilisha mnamo mwaka 1490. Kina faida kumi na mbili, na ndani yake hakujificha: aliwataja malimu watatu wakubwa waliomtangulia, akawasifu, kisha akajihesabu kuwa ni wa nne wao. Wengine watasema ni majivuno. Lakini hoja yake ilikuwa nzito. Wale walikusanya habari kutoka kwa wengine, na yeye alikwenda akaona.

Faida ya kumi na moja ya kitabu hicho ni ya misimu ya safari. Miezi yetu ya Hijria huzunguka mwaka mzima, na kusi haingoji Rajabu wala Shaabani. Kwa hiyo mabaharia walishika mwaka wa jua wa siku 365, wakahesabu siku tangu Nairuzi, ambayo kwa zama zake iliangukia mwezi wa Novemba. Sisi wa pwani ya Waswahili hatuna haja ya kufasiriwa jambo hili. Siku ya Mwaka ni yetu, na miongo ya siku kumi kumi ni yetu, ingawa tarehe ya kuanzia si ile yake. Hata watu wa Ghuba nao huhesabu kumi kumi, tangu kutoka kwa Suheli.

Kwa hesabu hiyo Ahmad alimpima kila mtu kwa siku yake ya kung'oa nanga. Mwenye kutoka Bara Hindi siku ya mia alimwona mtu wa akili. Akizidisha mwongo mmoja bado ana salama. Akizidisha miongo mitatu, huyo kwake ni mcheza kamari, tena asiyejua mchezo.

Msimu mgumu zaidi ni huu wa mwisho wa kiangazi. Kusi ya Juni na Julai huvimba mpaka bandari za magharibi ya Bara Hindi zikawa kama zimefungwa mlango. Mwishoni mwa Agosti hulegea, na hapo ndipo vyombo vya Arabuni vilipovuka kwenda Hindi. Msimu huo waliuita damani, neno lile lile tunalolitumia sisi hadi leo: demani. Mwenye haraka hukuta mawimbi yangali makali, na mwenye kukawia huishiwa na upepo, akaingia katika maleleji, tanga halijai na maji ya kunywa yanapungua.

Kwa bahati mbaya, mtu huyu anakumbukwa na wengi kwa jambo jingine. Mwanachuoni wa Makka, Qutb al-Din al-Nahrawali, aliyeandika miongo mingi baada ya tukio, alisema kwamba Ahmad alileweshwa na Mreno akamwonyesha njia ya Hindi. Katika miaka ya 1920 Mfaransa Gabriel Ferrand aliieneza habari hiyo, na vitabu vingi vikairudia. Lakini waandishi wa Kireno wa karne ya 16 humtaja rubani aliyetolewa Malindi kuwa ni Mgujarati. Wataalamu waliozichunguza kazi za Ahmad, kama Tibbetts mwaka 1971, hawakuiona tuhuma hiyo kuwa na msingi. Mzee wa umri ule, aliyeishi kwa nidhamu ya hesabu, ametwikwa mzigo usio wake.

Tena safari hiyohiyo yathibitisha thamani ya elimu yake. Vasco da Gama alitoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 na rubani mjuzi, na tarehe 20 Mei alikuwa Calicut. Kurudi hakuingoja kaskazi. Aliondoka pwani ya Hindi mapema Oktoba, akanaswa na maleleji, na hakuiona pwani ya Mogadishu ila tarehe 2 Januari 1499. Watu 30 walikufa njiani, na hatimaye ikabidi merikebu moja ichomwe moto kwa kukosa wa kuiendesha. Njia ilikuwa ni ile ile. Kilichopungua ni subira ya miongo michache.

Shairi la mwisho la Ahmad lenye tarehe ni la mwaka 1500. Leo utabiri wa majira hutoka katika mitambo, nao ni neema. Lakini utabiri, kama Suheli, hutoa habari tu. Baada ya kuusikia, mtu abaki akihesabu siku zake na kuutazama upepo, na asing'oe nanga mpaka uwe umegeuka kweli.