Frank Weston: Mwalimu Asiyekwepa Swali Gumu

Frank Weston, Mwanglikana kutoka Uingereza, alizaliwa mwaka 1871 na kufika Zanzibar 1898. Akiwa mkuu wa chuo cha Kiungani, alitoa kitabu kuhusu fumbo la Umwilisho mwaka 1907. Humo alikabili swali linalotusumbua hata leo: ikiwa Yesu ni Mungu, mbona katika Marko 13:32 hajui siku ile? Alijibu kwamba Mwana, bila kuacha kuwa Mungu, alijiwekea mipaka ya ubinadamu wetu.

Mwaka 1908 akawa Askofu wa Zanzibar. Alifariki Hegongo, Muheza, tarehe 2 Novemba 1924.

Wakatoliki hatulazimiki kulipokea jibu lake lote. Lakini katekista anayemnyamazisha muulizaji halindi imani. Anamwacha akatafute jibu kwingine.