Shekhar Mehta, Dereva wa Datsun

Mwaka huu Chama chetu cha Kiswahili kimetutaka tuandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki. Wenzangu wengi wamewakimbilia washairi na wapigania uhuru, na wamefanya vyema. Mimi nimemchagua dereva. Najua wapo watakaocheka, ati dereva ana nini hata aandikwe katika jarida la Kiswahili? Nawaomba msome kwanza, kisha mcheke mkiweza.

Sisi wa Tiwi tumekulia kando ya barabara itokayo Likoni kwenda Ukunda, Msambweni na Lungalunga. Mtoto wa huku hujua magari kwa mlio kabla hajajua irabu. Wazazi wetu hadi leo matatu ya abiria kumi na wanne huiita nissani, hata kama imetengenezwa na kampuni nyingine kabisa. Na ukikuta Datsun 1200 pikapu kuukuu imebeba nazi au mahindi, mwenyewe atakwambia haiuzi ng'o. Nilijiuliza, mapenzi haya yalianzia wapi? Bei na spea zilichangia, hilo halina ubishi. Lakini mafundi wazee niliowauliza wote walinirudisha kwenye mashindano ya Safari Rally, na ndani ya hadithi zao jina moja lilirudi kila mara: Shekhar Mehta.

Mehta alizaliwa nchini Uganda mwaka 1945, katika familia tajiri yenye asili ya Kihindi iliyomiliki mashamba. Angeweza kukaa kivulini akala matunda ya wazee wake. Yeye lakini moyo wake ulikuwa kwenye usukani, na alipokuwa kijana wa miaka ishirini na moja tayari alikuwa ameanza kushindana.

Hebu niwaeleze kidogo Safari ya siku hizo ilikuwaje, maana sisi tumezoea kuitazama ya Naivasha kwenye televisheni. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, na yalifanywa wakati wa Pasaka, msimu ambao mvua za masika hupiga. Dereva alikwenda zaidi ya kilomita 5,000 kwa siku chache, usiku na mchana. Barabara hazikufungwa. Njiani alikutana na mabasi, malori, ng'ombe na watu waendao sokoni. Akitoka kwenye vumbi anaingia kwenye tope la kufika magotini. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968 ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Jamani, huo si mchezo!

Mwaka 1971 kampuni ya Datsun ilileta Safari gari jipya, Datsun 240Z. Lilikuwa gari la watu wawili, boneti ndefu, injini ya silinda sita yenye ukubwa wa lita 2.4, na hiyo ndiyo asili ya nambari 240. Kule kwao Japani lilikuwa limetoka mwaka 1969 kwa jina la Fairlady Z. Kwa macho ni gari la kutembelea mjini kwenye lami, wala si la kutiwa topeni. Hata hivyo Edgar Herrmann alishinda nalo, na wa pili akawa Mehta, naye akiwa katika 240Z. Kijana alikuwa amekosa ushindi kidogo tu.

Kisha likaja jambo ambalo halikuwa la magari. Mwezi wa Agosti mwaka 1972 Idi Amin aliwaamuru Waasia waondoke Uganda, akawapa siku tisini. Maelfu ya watu waliacha nyumba, maduka na mashamba. Wengi walizaliwa pale na hawakujua kwao kwingine. Familia ya Mehta nayo ikapoteza makao, na Shekhar akahamia Kenya. Nataka tusimame hapa kidogo. Tunapozisoma habari hizi katika somo la historia huwa ni tarehe za kukariri kwa ajili ya mtihani. Lakini fikiria wewe mwenyewe unaambiwa leo kwamba Tiwi si kwenu tena, na una miezi mitatu tu. Ungefanya nini?

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Pasaka ya mwaka 1973, miezi michache tu baada ya masaibu hayo, Mehta alijipanga tena kwenye mstari wa Safari akiwa na Datsun 240Z na msoma ramani wake Lofty Drews. Huo ulikuwa mwaka wa kwanza wa mashindano ya rali ya ubingwa wa dunia, na Safari ilikuwa miongoni mwake. Mwisho wa safari hesabu zikapigwa, na kila mtu akashika kichwa. Mehta alikuwa na pointi 406 za adhabu. Harry Källström wa Uswidi, aliyeendesha Datsun 1800 SSS, naye alikuwa na pointi 406! Kilomita zote zile na wawili wako sawasawa. Ikabidi waamuzi watazame ni nani aliyekwenda mbali zaidi bila kupata adhabu, na huyo akawa Mehta. Mtu aliyekuwa amepoteza nchi akapokewa Nairobi kama bingwa.

Baada ya hapo mambo hayakunyooka mara moja. Miaka mitano ikapita bila ya ushindi wa Safari, huku wengine kama Joginder Singh wakitamba. Angekuwa mwingine angekata tamaa. Mwaka 1979 Mehta akashinda tena, safari hii na Datsun 160J, msoma ramani wake akiwa Mike Doughty. Mwaka 1980 akashinda. Mwaka 1981 akashinda kwa Datsun Violet GT. Mwaka 1982 akashinda tena! Mara nne mfululizo, na ukijumlisha ule wa 1973 unapata tano. Ilichukua hadi mwaka 2018 ndipo Carl Tundo akaifikia hesabu hiyo ya ushindi mara tano.

Sifa ya Mehta ilikuwa kulitunza gari. Safari ya siku zile ilimtaka dereva asikilize springi, giaboksi na klachi, ajue wapi akaze na wapi alegeze. Wenye pupa walibaki njiani wakingoja kuvutwa. Sisi watu wa Pwani husemwa kwamba tu wapole mno, lakini katika jambo hili naona Mehta alikuwa mwenzetu: mwenda pole hajikwai.

Mkewe, Yvonne, naye hakuwa wa kukaa nyumbani kungoja habari. Alikaa kiti cha pili akamsomea ramani katika mashindano kadhaa. Mwaka 1987 Mehta alipata ajali mbaya katika mashindano ya jangwani kule Misri, akaumia sana, na mbio zake zikaishia hapo. Hata hivyo hakuuacha mchezo. Aliingia katika uongozi wa shirikisho la magari la dunia, akaiongoza kamisheni ya rali. Alifariki London mwezi wa Aprili mwaka 2006, akiwa na umri wa miaka 60.

Na lile gari je? Gari lilizaa, likapata wajukuu na vitukuu. Baada ya 240Z likaja 260Z, kisha 280Z. Mwaka 1978 ikaja 280ZX, mwaka 1983 ikaja 300ZX, na baadaye 350Z na 370Z. Jina la Datsun lilianza kuachwa miaka ya 1980 likawa Nissan, lakini herufi Z haikuguswa. Mwaka 2022 likatoka jipya linaloitwa Z peke yake, na ukilitazama mbele utaiona sura ya babu yake. Mwaka 2023, katika maonyesho ya magari Las Vegas huko Marekani, Nissan walionyesha Z mpya iliyoinuliwa juu, ikafungwa taa kubwa na kupakwa nyekundu na nyeusi, kwa heshima ya 240Z zilizoshinda Safari mwaka 1971 na 1973. Nayo mashindano ya Safari ya magari ya zamani, yaliyoanzishwa mwaka 2003, yamewaleta Kenya wapenzi kutoka nchi nyingi, na Datsun Z ni miongoni mwa magari wanayoyaleta.

Hapo ndipo roho yangu huniuma. Watu wa mbali wanalienzi gari kwa sababu ya barabara zetu na tope letu. Sisi tulio nyumbani, nilipouliza darasani kwetu ni nani Shekhar Mehta, ni mmoja tu aliyeinua mkono. Wengine walizijua Subaru na Probox, na wakabishana kweli kweli ipi inakimbia zaidi. Kupenda magari mapya si kosa. Lakini gari halijiendeshi, wasomaji wenzangu. Tukilikumbuka bati tukamsahau mtu, tutakuwa tumelisoma jalada la kitabu tukaacha kurasa.

Tena huyu alikuwa mtu aliyefukuzwa kwa sababu ya asili yake, akaja kwetu, na akaifanya bendera ya Kenya ijulikane duniani. Kila ninaposikia mtu akimwambia mwenzake kwamba hapa si kwao, namkumbuka Mehta.

Basi nawapa kazi ya likizo. Nendeni mkawaulize babu, ami na majirani waliopata kuiona Safari ikipita. Andikeni wanayoyasema kabla hayajapotea, mtuletee tuyachape katika toleo lijalo. Kwa leo naiweka kalamu chini.